Vidole Viwili vya Nchi ya Nje

Ko. Ko. Ko-o.

Sikudhani alifumbua macho. Umeme ulikatika tangu magharibi, na alfajiri ilikuwa bado haijafika. Chumba kilikuwa giza tititi. Mlio ulitoka karibu na mlango, pale unapokaa mtungi wa maji. Mtu alikuwa anaugonga kwa kifundo cha kidole, polepole, kama mgeni mwenye haya.

"Baba Tunu, ndiyo nini hiyo?"

"Sikiliza kwanza." Chande, mumewe, aligonga tumbo la mtungi. Ko. Akapanda shingoni. Ko-o. "Huku mna maji. Huku hamna kitu. Umesikia?"

"Nimesikia. Mtoto kaogea, maji yamebaki nusu. Njoo ulale."

"Ile nguzo ya shule, C-nne, ghorofa ya pili. Jana niliigonga mguuni, Mama Tunu. Imelia kama shingo."

Katikati ya kitanda Tunu, binti yao wa miaka sita, aligeuka, akamtupia mama yake mguu tumboni, akaendelea na usingizi wake. Sikudhani akaushika ule mguu, akaubana kiganjani. Uji wa saruji wa nguzo ile aliukoroga yeye, akaumimina yeye, na akaukatiza yeye.

*

Ili msomaji asije akamlaumu mtoto wa watu bure, inafaa kwanza aijue nchi yenyewe.

Jamhuri ya Wima ni nchi ambayo hakijawahi kuanguka kitu. Wananchi hawasemi hivyo kwa kujisifu. Imo katika takwimu. Mwanafunzi asiyefaulu mtihani huko huambiwa ameketi. Fedha yao huinama kidogo kila mwaka, kwa adabu tu, kuwasalimia wageni. Na daraja la mtoni lilipotoweka wiki moja baada ya kuzinduliwa, gazeti la serikali lilieleza vizuri kabisa kwamba limeshuka kukagua kina cha maji.

Nchi hiyo ilipoamua kujenga haraka, ilianza kumwaga nguzo zake kiwandani. Zikishakauka hupakiwa kwenye malori, zikaletwa, na winchi ikazipanga moja juu ya nyingine kama mtoto anavyopanga viberiti. Nguzo ya chini huja na nondo nne zimechomoza kichwani. Ya juu huja na mashimo manne mguuni. Winchi huishusha, fundi huielekeza kwa mikono na kwa matusi mpaka nondo ziingie mashimoni, na kati ya nguzo na nguzo hubaki upenyo wa vidole viwili. Hapo ndipo huja mwanamke na ndoo ya uji. Si uji wa kunywa. Ni saruji nyepesi, laini, ambayo ikikauka huwa ngumu kuliko zege lenyewe. Humiminwa kwenye tundu dogo la chini, ikajaza upenyo, ikapanda mashimoni ikizikumbatia nondo, mpaka ikachungulia tundu la juu. Kazi hiyo walipewa wanawake, baada ya tume ya watu kumi na wanne kuzunguka nchi nzima na kubaini kwamba wanawake ndio wenye uzoefu na uji.

Kila mfuko wa saruji hiyo ulikuja na karatasi ya maelezo, na kwa miaka miwili karatasi hizo zilitumika kuwashia majiko. Ubaya ni kwamba Sikudhani alikuwa akisoma darasa la jioni nyuma ya soko, na mtu akishajua kusoma macho yake hayachagui. Aliisoma. Iliandikwa: Mimina mpaka uji utoke tundu la juu. Usipotoka, hapana kiungo. Pana nguzo mbili zilizokaribiana.

Aliirudia sentensi hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani, maana ilimkumbusha ndoa za watu fulani. Tangu siku hiyo Chande alielekeza nguzo, yeye akamimina, na uji ulipochungulia juu alisema, "Imeshiba," akaifuta nguzo mdomo kwa pindo la kanga kama anavyomfuta Tunu. Wenzake wakamcheka, kisha wakamuiga.

Halafu likaja tone. Wima ina wizara mbili za nguzo, moja ya Nguzo za Chini na moja ya Nguzo za Juu, na kama ilivyo kawaida ya nchi zote, ya juu ndiyo kubwa. Waziri wa Nguzo za Juu alipotembelea kiwanja cha shule, tone moja la uji lilitoka tundu la juu likamdondokea kwenye kiatu. Akalitazama kwa muda mrefu sana. Wapambe wakalitazama. Kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi, nimesimama hapa nikaiona mali ya umma ikitoka kwenye nguzo kwa miguu yake mwenyewe. Nguzo inayotapika ni nguzo iliyoshindiliwa na wahujumu. Kuanzia leo, tone ni kosa."

Ikapitishwa Sheria ya Tone. Kila kiwanja kikapewa Afisa wa Matone. Wa shule alikuwa Bwana Selungwi, mpole, mwenye leso nyeupe ambayo mkewe aliifua kila jioni na kuipiga pasi pande nne. Mwanamke akimaliza kumimina, Bwana Selungwi hufuta tundu la juu kwa leso hiyo. Ikitoka nyeupe, anatia sahihi. Ikitoka na doa, mwanamke anarudi nyumbani na harudi tena kazini.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Somoe, rafiki yake Sikudhani, ambaye hajui kuficha neno.

"Bwana Afisa," alimwuliza, "wewe ukishiba hata mbweu hutoi?"

Akafukuzwa mara mbili, mara moja kwa tone na mara moja kwa mbweu.

Basi wanawake wakajifunza kukatiza. Na kwa kuwa ndani ya nguzo hakuonekani, hakuna aliyejua akatize lini, na mtu asiyejua huchagua usalama. Wakawa wanakatiza nusu. Ndani ya mwezi leso zote za Wima zilikuwa nyeupe, na nchi ikapewa kikombe cha usafi wa viungo. Nguzo ya C-nne, inayobeba dari la darasa la kwanza, iliunganishwa katika mwezi huo. Sikudhani aliikatiza nusu. Hilo hakumwambia mtu.

*

"Ni mimi niliyekatiza," alisema asubuhi, wakinywa chai.

"Najua. Nilikuwa nimesimama palepale."

"Basi tutawaambia. Watoboe kitundu kimoja tu, wachungulie, mimi nijaze. Hawajaona tu, Baba Tunu. Mtu akiona anaelewa."

Shule ilikuwa ifunguliwe baada ya mwezi mmoja. Sare ya Tunu ilikwishashonwa, ikaning'inizwa msumarini, na kila aliyeingia ndani alilazimika kuisifu.

Walikwenda kwanza Wizara ya Nguzo za Chini. Mkurugenzi aliwasikiliza akiwa amefumba macho.

"Mama, wizara hii inaishia kichwani mwa nguzo ya chini. Ukipanda hata unywele mmoja, umekwisha kutuaga."

Wakaenda ya Juu. "Sisi tunaanzia mguuni," akasema mkurugenzi wa huko. "Mguu wetu ni mzima. Tumeukagua."

"Na pale katikati?" Sikudhani akauliza.

"Katikati ya nini?"

"Pale penye vidole viwili, mzee. Chini ya mguu wenu, juu ya kichwa chao."

Mkurugenzi akainuka, akaitazama ramani ya Jamhuri iliyokuwa ukutani, akapitisha kidole kaskazini mpaka kusini. Alikuwa mtu makini. "Kama si kwa Chini na si kwa Juu," alisema mwishowe, "basi hapo hapamo katika Jamhuri ya Wima. Jaribuni Mambo ya Nje."

Mambo ya Nje walipokewa vizuri kuliko kote. Karani kijana aliwapa viti, akachomoa fomu.

"Mnataka kuingia kiungoni kwa madhumuni gani? Utalii, biashara, au kutembelea ndugu?"

"Kutazama kama pamejaa," akasema Sikudhani, kwa sababu darasa la jioni lilimfundisha kwamba fomu hujibiwa ukweli.

"Huo ni upelelezi, dada yangu. Nisiandike hivyo, utaumia. Niandike utalii?"

"Andika tobo moja la keekee," Chande akasema, "jembamba kama kidole cha mtoto. Tukikuta tupu, mke wangu anajaza, tunarudi kabla ya chakula cha mchana."

"Na kiungo chenyewe kimewaalika?"

Chande na mkewe wakatazamana.

"Bila barua ya mwaliko, kaka, hata mimi ningekuwa baba yenu nisingeweza." Akaahidi kukiandikia kiungo barua ya kidiplomasia, na kweli aliandika, ikagongwa muhuri, ikabandikwa kwenye nguzo ya C-nne. Baada ya wiki moja kiungo kilikuwa hakijajibu. Wizara ikatoa tamko la kusikitishwa na ukimya huo.

*

Tamko likaamsha maswali, na Waziri wa Nguzo za Juu, ambaye hakupenda maswali yaamke kabla yake, akatangaza jaribio la hadharani. Viungo vya nchi vingepimwa mbele ya wananchi. Ingeletwa mashine ya kusukuma, ile inayoibana nguzo ubavuni na kuitikisa kama tetemeko linavyofanya, mpaka ijulikane kiungo kinaweza nini. Nguzo mbili zingeunganishwa uwanjani kwa ajili hiyo.

Bwana Selungwi mwenyewe ndiye aliyeleta habari nyumbani kwa Chande, leso mfukoni.

"Umechaguliwa wewe, Bi Sikudhani. Na kwa heshima ya wageni, siku hiyo moja tone limeruhusiwa."

Alipoondoka, Chande alifunga mlango.

"Mimina nusu," alisema. "Ile ile nusu ya C-nne. Kiachie mbele ya macho yao."

"Kikiachia watasema nimehujumu. Wataniondoa, na atakayekuja hajui hata kwamba kunajazwa."

"Basi na kiachie."

"La. Nitajaza mpaka juu. Wakione kinachoshiba kinavyosimama. Halafu nitawaomba kingine, cha nusu, kama tunavyofanya kazini, nacho wakisukume. Mwalimu anatufundisha hivyo hivyo: weka hiki, weka na hiki, kisha uliza kipi zaidi. Hakuna asiyeelewa, hata bibi wa miaka sabini wa darasani kwetu anaelewa."

Chande alimtazama mkewe, kwa mapenzi na kwa huruma. "Hao hawasomi darasa la jioni, mke wangu."

Alimimina. Uji ukachungulia tundu la juu, akaufuta kwa kanga, akasema kimoyomoyo, imeshiba. Ulipokauka, mashine ikawashwa mbele ya umati. Ilisukuma kulia, ikasukuma kushoto. Nguzo mbili zikayumba kama nguzo moja. Zege la juu likaanza kupata nyufa, likamenyeka, na kiungo kikabaki vilevile hakijasogea hata upana wa ukucha. Wahandisi wakasimama kupiga makofi. Sikudhani alilia. Miaka yote alikuwa akimimina bila kuona kinachotokea ndani, na leo, kwa mara ya kwanza, aliiona nguvu ya mikono yake.

Akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, shikamoo. Tunaomba na cha pili, kama tunavyofanya kazini."

"Mama huyu ni mzalendo," Waziri akauambia umati. "Anataka kuongeza furaha juu ya furaha. Lakini serikali hairudii mtihani iliokwisha kufaulu. Kiungo hiki kimefaulu kwa niaba ya viungo vyote elfu sita vya Jamhuri. Na kwa kuwa kimefaulu kupita kiasi, ninaagiza shule yetu iongezwe ghorofa."

Watu wakashangilia. Sikudhani alibaki na mkono wake hewani, umesahauliwa huko. Hapo ndipo alipofahamu kwamba ameitilia sahihi C-nne kwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

*

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, saa ya chakula, mchana kweupe, Chande alichukua keekee stoo akaitoboa C-nne mguuni. Akaingiza spoki ya baiskeli. Spoki ikaingia yote. Askari walimkuta amepiga magoti, ameishika kwa ncha.

Alishtakiwa kwa kuvuka mpaka bila hati.

"Mheshimiwa hakimu," Chande alisema, "spoki iliingia yote. Haikugusa kitu."

"Mahakama hii haina mamlaka juu ya mambo yaliyoonekana nje ya nchi," hakimu akajibu, kwa upole. Kisha akasoma hukumu. Kwa kuwa mshtakiwa ameonyesha kuipenda mno nchi ya kiungoni, anahamishiwa huko kwa miaka mitatu. Na kwa kuwa nchi hiyo ina unene wa vidole viwili na mwanamume mzima haenei, atafungwa mnyororo wa hatua nne kwenye nguzo ya C-nne, na popote mnyororo ufikapo atahesabiwa yuko ughaibuni. Jina lake likakatwa kwenye daftari la wakazi. Pembeni yake karani akaandika: Yuko nje.

Kwa hiyo shule ilifunguliwa na darasa la kwanza likiwa na vitu viwili vipya, ubao na baba yake Tunu.

Sikudhani alijaribu kumficha mtoto nyumbani. Lakini mtoto asiyehudhuria shule iliyofunguliwa na Waziri ni mtoto aliyeanguka, na kwa kuwa Wima hakianguki kitu, askari alimfuata Tunu mpaka uvunguni, akampeleka darasani amemshika mkono. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Tunu akarudi na ujumbe.

"Baba anasema nije tu. Anasema yeye yuko macho. Anasema, kile kitundu chake hawajakiziba, wameweka uzio wa kamba tu."

Sikudhani aliacha kukatakata mboga.

Mkubwa alihitaji viza kumwona Chande. Watoto hawakuhitaji, ni wao waliompelekea chakula. Tangu kesho yake Sikudhani alisimama kila asubuhi nyuma ya ukuta wa shule, akakoroga uji wa saruji kwenye bakuli, mwepesi, haraka, akaujaza kwenye chupa ya chai, akamfungia mwanawe kifuniko.

"Usikimbie, utamwagika. Lakini usichelewe, utaganda."

"Nikiulizwa?"

"Sema ni uji wa baba. Si uongo."

Chande aliumimina kwenye kitundu kwa bomba la jani la mpapai, kidogo kidogo, darasa likiimba herufi. Kisha akakifuta kwa shati lake. Bwana Selungwi alipopita jioni na leso yake, ilitoka nyeupe, akatia sahihi.

Sikudhani alipiga hesabu nyuma ya daftari lake la darasa la jioni. Kiungo kile kilihitaji chupa thelathini. Chupa moja kwa siku, maana mtoto akibeba mbili anapekuliwa. Kila jioni Tunu alileta ripoti, kwa sauti ya baba yake.

"Baba anasema imefika vifundoni."

Baada ya siku tano: "Baba kaigonga. Anasema imefika magotini."

Baada ya siku nyingine saba: "Baba anasema ukilala leo, ulale vizuri. Imefika kiunoni."

Na kweli alilala. Alianza hata kuimba akiosha vyombo. Mwalimu wa jioni alimsifu kwa hesabu zake safi, akamwuliza kama amewahi kufikiria kusomea uhandisi. Sikudhani alicheka, akajifunika uso kwa kanga, kisha akalifikiria jambo hilo njia nzima.

*

Siku ya chupa ya kumi na tisa winchi ilikuja kuongeza ghorofa.

Sikudhani alikuwa bado yuko nyuma ya ukuta, anasuuza bakuli. Aliiona nguzo mpya ikipanda angani, ikazunguka, ikaning'inia juu ya mstari wa C. Alipiga kelele, lakini winchi ina kelele zake. Akakimbilia getini. Mlinzi akamwomba viza.

Kisha akasikia sahani ya bati ikigongwa kwenye nguzo, ndani, ghorofa ya pili. Mara tatu, mara sita, bila kukoma, na sauti ya Chande, si kali, kama anavyowaelekeza watu wa winchi: "Tokeni. Wote. Acheni mikoba. Wakubwa washikeni wadogo."

Kukimbia kulikatazwa na kanuni za shule, kwa hiyo watoto walitoka wakitembea, kwa mstari, mikono nyuma. Walishuka ngazi mmojammoja. Sikudhani aliwahesabu. Shule mpya ilikuwa bado na darasa hilo moja tu, la watoto arobaini na watatu. Tunu alitoka wa arobaini na tatu, akiwa anatazama nyuma.

"Nimemwambia aje," alisema alipofika getini. "Kasema hatua nne hazifiki mlangoni. Kasema nisigeuke."

Nguzo mpya ilitua. C-nne haikupiga ukelele wowote. Iliteleza tu kutoka mahali pake, kama mtu anayesogea kitini kumpisha mwenzake, na ghorofa zote zikaifuata.

Lilipotulia vumbi, Sikudhani alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara, amemfunika mtoto kwa kanga, akimfuta saruji mdomoni.

*

Maiti haikutolewa. Karani kijana wa Mambo ya Nje, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, alimweleza taratibu. Marehemu alifia ughaibuni, na nchi aliyofia haipo tena, kwa hiyo hakuna wa kumwandikia barua ya kumrejesha. Alimsaidia kujaza fomu hata hivyo. Mahali penye sababu ya kifo aliacha wazi, akamsukumia kalamu. Sikudhani aliandika kwa mwandiko wake wa darasa la jioni, herufi zimekaa wima moja moja: Chupa kumi na moja.

"Ndiyo nini, dada yangu?"

"Zilizobaki."

Siku ya nne ulifanyika mkutano wa shukrani kwenye uwanja ule ule wa jaribio. Nguzo mbili za maonyesho zilikuwa bado zimesimama, zimevishwa bendera. Wazazi wa watoto arobaini na watatu waliketishwa mbele. Wengi walikuja na watoto wao mapajani, wamewakumbatia mno, na walipomwona Sikudhani waliinamisha vichwa. Somoe alimkalisha karibu yake, akamshika kiwiko.

Waziri wa Nguzo za Juu akapanda jukwaani na viatu vipya.

"Ndugu wananchi," alisema, "yako maneno ya wasioitakia mema Jamhuri, kwamba shule yetu imeanguka. Shule yetu imelala. Imelala mapema kidogo, kwa sababu ya uchovu wa kubeba matumaini yenu. Wataalamu wamethibitisha kwamba nguzo za chini ni nzima, na nguzo za juu ni nzima. Tusimame, tumshukuru Mungu na tuishukuru serikali, kwa sababu jengo hilo lilipolala, hakukuwa na raia hata mmoja ndani yake."

Umati ukasimama. Bwana Selungwi, aliyepangwa nyuma ya Waziri, alitoa leso yake nyeupe mfukoni, akaishika, akasahau alitaka kuifanyia nini. Watu wakainua mikono tayari kwa makofi, na kwa nukta moja, kabla ya kofi la kwanza, uwanja ukawa kimya.

Tunu alikuwa amesimama juu ya kiti, mkono mmoja begani kwa mama yake, ili aone vizuri. Hakukasirika, wala hakulia. Alisema kama mtoto anayemsahihisha mtu mzima aliyekosea kuhesabu:

"Baba yangu alikuwa ndani."